Ziara ya Mkunazini na Minara Miwili: kanisa lenyewe lipewe muda wake

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa upande wa Muheza, jirani na misheni ya zamani ya Magila. Wazee waliotulea walikuwa wakiitaja Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe wa Unguja, kwa heshima ya pekee, kwa kuwa walimu na makasisi wao wa kwanza walivuka bahari kwenda kusomea chuo cha misheni cha Kiungani, na huko Unguja ndiko lilikokuwa kanisa kuu la Kianglikana la askofu wao. Nilikuwa nimelisikia kanisa hilo maisha yangu yote bila kulitia machoni, hata kipupwe kilichopita nilipopata nafasi ya kukaa Mji Mkongwe kwa wiki moja na kulizuru mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda na kikundi kilichotembezwa na waandaaji wa matembezi ya kulipia, ambao sitawataja jina. Mara ya pili nililipa kiingilio mwenyewe getini na kukaa humo karibu asubuhi nzima. Ziara hizo mbili zilitofautiana mno, kiasi kwamba naona ni wajibu wangu kuzieleza zote, ili anayepanga kwenda ajue anachopaswa kudai kwa fedha yake.

Matembezi ya siku ya kwanza yaliuzwa kwa jina la makanisa ya kale ya Zanzibar. Tulikuwa watu tisa, wengi wetu wageni kutoka nje ya nchi, na mwongozaji wetu alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na adabu. Tulipofika Mkunazini alitupeleka moja kwa moja kwenye vyumba vya chini vya jengo la St Monica, lililo kando ya kanisa, akatuweka humo kwa muda mrefu akieleza mateso ya watumwa, kisha tukasimama kwenye sanamu za ukumbusho watu wapige picha. Tulipoingia kanisani hatukukaa hata dakika kumi. Alituonyesha duara la marumaru mbele ya altare, akataja nguzo zilizowekwa juu chini, watu wakacheka, tukatoka. Minara Miwili, kanisa kuu la Wakatoliki, tuliitazama tukiwa barabarani, shingo zimeinuliwa, huku pikipiki zikitupigia honi. Hapo ndipo matembezi ya makanisa yalipoishia, na aliyesalia na swali aliambiwa kwamba muda umekwisha na soko la viungo linatungoja.

Sikusikitishwa na fedha. Nilisikitika kwamba wale wageni wanane waliondoka wakiamini kuwa wameliona kanisa, ilhali hata kichwa hawakukiinua kutazama paa.

Basi nianze na historia, kwa kuwa pale ndipo maneno ya haraka yanapopotosha zaidi. Mkunazini ni jina la mti, mkunazi, na mtaa huo ulikuwa na jina hilo kabla ya kanisa. Hapo palikuwa soko la watumwa la mwisho la wazi katika mji wa Unguja. Tarehe 5 Juni 1873, kwa shinikizo kubwa la Uingereza lililosimamiwa na konseli wake John Kirk, Sultani Barghash alitia saini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari na kuamuru masoko yote yafungwe. Misheni ya Vyuo Vikuu, ya Kianglikana kutoka Uingereza, ambayo wengi wetu tunaijua kwa herufi zake UMCA, ilipata kiwanja hicho, sehemu yake ikiwa zawadi ya tajiri wa Kihindi aliyeitwa Jairam Senji, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Ibada ya kwanza ilifanyika siku ya Krismasi ya 1877 wakati ujenzi ungali ukiendelea, na kazi ikakamilika miaka michache baadaye.

Mwongozaji wetu wa kwanza alisema kwamba utumwa ulikomeshwa hapo mwaka 1873. Sivyo. Kilichokomeshwa ni biashara ya baharini na uuzaji sokoni, lakini mtu aliyekuwa mtumwa katika shamba la karafuu siku ya mkataba aliamka siku ya pili akiwa mtumwa bado. Hadhi ya utumwa yenyewe haikuondolewa katika sheria za Zanzibar hadi amri ya Sultani Hamoud ya mwaka 1897. Kwa hiyo kuta hizi zilipopanda, na paa lilipofunikwa, na waumini walipoanza kuimba humo Jumapili kwa Jumapili, nje ya ua bado walipita watu waliomilikiwa na watu wengine. Kwangu mimi ukweli huo unalifanya kanisa kuwa zito zaidi, kwa kuwa halikujengwa kuadhimisha jambo lililokwisha. Lilijengwa katikati ya jambo lenyewe.

Sasa paa. Anayetaka kuelewa ujasiri wake aanze ndani ya nyumba yoyote ya zamani ya Mji Mkongwe. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, wala si kwa sababu wenyeji hawakupenda nafasi, bali kwa sababu dari na sakafu za ghorofani zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Fundi hawezi kukitanua chumba kupita pale mti ulipokoma. Boriti zikishapangwa, juu yake huwekwa mawe mepesi ya matumbawe, kisha hushindiliwa chokaa mpaka iwe ngumu. Ni ujenzi mzuri, unaofaa kwa joto letu, lakini hauwezi kukupa ukumbi mpana ambamo mamia ya watu wataketi pamoja na kuiona altare moja.

Edward Steere, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874 na aliyesimamia ujenzi huu, alikuwa na michoro ya msanifu C. F. Hayward wa Uingereza, lakini jambo la paa aliliamua kwa kuangalia alichonacho hapa. Mbao ndefu zingeliwa na mchwa. Mabati yangeligeuza kanisa kuwa tanuri. Akachukua matumbawe, jiwe lile lile la nyumba za mji, akayapondaponda, akayachanganya na saruji ya Portland iliyoletwa kwa meli, akamwaga paa zima la zege lililopinda kutoka ukuta hadi ukuta, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu na kufunikwa. Tukumbuke kwamba tunazungumzia miaka ya 1870, wakati ambapo hata Ulaya majengo ya zege ya namna hiyo yalikuwa machache. Inasimuliwa kwamba watu wengi mjini walilingoja lianguke. Mpaka leo lipo, na masika zaidi ya mia moja na arobaini zimepita juu yake.

Siku yangu ya pili nililitazama paa hilo kwa muda mrefu, kwa sababu ya mzee mmoja anayehudumu kanisani humo. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza nimetoka wapi, na nilipotaja Muheza akaniambia, "Mwalimu, keti kwanza. Kanisa hili hutazamwa mtu akiwa ameketi." Nikaketi kwenye benchi la katikati. Ni kweli kabisa. Ukisimama, macho yako yanavutwa mbele kwenye altare na kwenye vioo vya rangi. Ukiketi, kichwa kinaegemea nyuma chenyewe, na lile tao refu linakufunika, halina boriti hata moja, halina mwanzi wala ubao, na sauti ya mtu anayenong'ona karibu na mlango inakufikia kana kwamba amekaa benchi la nyuma yako. Mzee hakuniharakisha. Aliniacha hapo akaendelea kupanguza vumbi kwenye mabenchi, na aliporudi alikaa upande wa pili wa njia, akaanza kunieleza jengo kipande kwa kipande.

Alinionyesha jinsi mtindo wa Kigothi wa Uingereza, wenye matao yaliyochongoka, ulivyochanganyika na mikono ya mafundi wa pwani, hata mahali pengine mapambo yana sura ambayo mtu aliyezoea nyumba na misikiti ya hapa ataitambua mara moja. Alinipeleka kwenye nguzo za nyuma, zile zilizowekwa juu chini. Simulizi inayotolewa ni kwamba Askofu Steere alikuwa safarini zilipowekwa, na mafundi, ambao hawakuwahi kuona nguzo za namna ile, walizisimamisha kichwa kikiwa chini. Askofu aliporudi akasema ziachwe. Siku ya kwanza simulizi hiyo ilitolewa kama kichekesho juu ya ujinga wa mafundi. Mzee aliitoa kwa namna nyingine. Aliniuliza, mtu ambaye hajawahi kuona kanisa la Kiingereza, akikabidhiwa nguzo iliyochongwa pande zote mbili, atajuaje upande wa juu ni upi? Akaongeza kwamba mafundi hao hao ndio waliosimamisha paa ambalo mji mzima ulidhani litawaangukia. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijapata kusikia mtu akimtetea mwanafunzi wake vizuri namna hiyo.

Mbele ya altare kuna lile duara la marumaru linaloelezwa kuwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa viboko. Steere mwenyewe, aliyefariki mwaka 1882, amezikwa nyuma ya altare. Na upo msalaba wa mbao ambao watu hupita mbele yake bila kujua safari yake: umechongwa kutokana na mti wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao moyo wa David Livingstone ulizikwa chini yake. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873, wiki tano tu kabla ya mkataba wa Barghash, wala hakupata habari zake. Hotuba yake ya mwaka 1857 kule Cambridge ndiyo iliyosababisha UMCA kuanzishwa, na mwili wake, uliobebwa na watumishi wake Susi na Chuma na wenzao kwa miezi mingi, ulilazwa kwa mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu kule Bagamoyo mnamo Februari 1874 kabla ya kuvushwa kuja Unguja. Ukiwa umefika hapa na umewahi kufika Bagamoyo, kwenye mnara wa kanisa la kwanza la misheni ile ambao sasa unaitwa kwa jina lake, msalaba huu unaziunganisha pande mbili za bahari kwa njia ambayo kitabu hakiwezi.

Jambo ambalo lingewagusa wasomaji wa Kiswahili kuliko lolote, na ambalo siku ya kwanza halikutajwa hata kwa neno moja, ni kazi ya Steere katika lugha yetu. Alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, mkuu wa UMCA wakati huo, misheni ilipohama kutoka bonde la mto Shire, na kufikia mwaka 1870 alikuwa amechapisha kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja pamoja na mkusanyo wa ngano zilizosimuliwa na wenyeji. Alifasiri Maandiko, na vijana wa misheni walipanga herufi na kuchapa kurasa za Kiswahili kwa mikono yao wenyewe. Zaidi ya nusu karne baadaye, mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, wingi wa maandishi yaliyokwisha kuchapishwa katika lahaja hiyo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoipa uzito. Sisi tulioandika ubaoni "Kiswahili sanifu" kwa miaka yote ile tuna haja ya kusimama kidogo nyuma ya altare ya Mkunazini. Najua kuna wanaoumia kwa yale ambayo lahaja nyingine zilipoteza, na wana hoja, lakini hata hoja hiyo huanza hapo.

Pia kuna watu. Matembezi ya kulipia yalitutajia Steere, Livingstone, Kirk na Barghash. Hatukutajiwa hata mmoja kati ya wale ambao kanisa hili lilijengwa kwa ajili yao. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wavulana watano walionaswa katika jahazi la watumwa, na hao ndio wanafunzi wa kwanza wa misheni. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa na hatimaye akakombolewa, alipewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kufikia daraja hilo, akarudi kufanya kazi kusini karibu na Ruvuma, katika nchi ya watu wake. Fikiria mtoto aliyeuzwa kama bidhaa, kisha akiwa mtu mzima anaadhimisha ekaristi. Mwongozaji asiyemtaja Majaliwa akiwa Mkunazini amewaonyesha wageni minyororo tu, akaacha kuwaonyesha waliofunguliwa.

Kuhusu vyumba vya chini vya St Monica nina maoni ambayo huenda yasiwapendeze wote. Ni vyumba vidogo, vyenye dari ya chini na hewa nzito, na mtu yeyote mwenye moyo hutoka humo akiwa kimya. Lakini jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na likatumika kama hospitali. Kwa sababu hiyo wapo wanahistoria wanaoshikilia kwamba vyumba hivyo vilikuwa ghala la misheni na havikuwahi kuwafungia watumwa. Sisemi watu wasiingie. Nasema waambiwe ukweli wa tarehe, waamue wenyewe. Mateso ya soko lile yana ushahidi wa kutosha, katika maandishi ya walioliona na katika kumbukumbu za waliouzwa, hata hayahitaji kuongezwa chumvi. Anayetaka ushahidi huo aupate kwenye maonyesho ya biashara ya utumwa yaliyo katika eneo hilo hilo, yaliyofunguliwa mwaka 2016 baada ya ukarabati uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kusimamiwa pamoja na shirika la uhifadhi la World Monuments Fund. Hayo ni mazuri kweli. Yamepangwa kwa utaratibu, yanaeleza njia za misafara kutoka maziwa makuu hadi pwani, nani alinunua na kwa kazi gani, na hayamfichi yeyote aliyefaidika, awe Mzungu, Mwarabu, Mhindi au Mwafrika. Nilikaa humo saa nzima na sikuona kuwa ni nyingi. Nje yake zipo sanamu za ukumbusho za msanii Clara Sörnäs kutoka Sweden, za mwaka 1998, watu watano ndani ya shimo wakiwa na minyororo shingoni. Nawaomba wanaopiga picha hapo wasitabasamu.

Mnara wa kanisa una saa inayoelezwa kuwa zawadi ya Sultani Barghash, na waongozaji wengi husema kwamba aliitoa kwa sharti kuwa mnara usizidi urefu wa jumba la kisultani la Beit al-Ajaib. Inafaa wanaosimulia hivyo waieleze vizuri, maana jumba hilo lilijengwa mwaka 1883, na waumini walikuwa wamekwisha kuanza kusali kanisani tangu 1877. Huenda kuna chembe ya kweli iliyopotoka katika kusimuliwa. Lakini zawadi yenyewe, ya mtawala Mwislamu kwa kanisa lililosimama juu ya soko alilolazimishwa kulifunga, inatosha kumfanya mtu afikiri.

Niliangalia pia afya ya jengo, kwa kuwa babu yangu alikuwa mwashi na aliniachia jicho la kutazama kuta kabla ya mapambo. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, msimu kwa msimu, na ukiutia lipu ya saruji unakuwa umeufunga kinywa: maji na chumvi vinabaki ndani, lipu inavimba, kisha inabomoka ikiondoka na ngozi ya jiwe. Ndiyo sababu marekebisho ya nyumba za kale za Mji Mkongwe hayana budi kufanywa kwa chokaa na mafundi wanaoijua, na ndiyo sababu ufundi huo ukipotea hakuna fedha ya mfadhili itakayoziokoa. Kanisa la Mkunazini lina ugumu wa pekee, kwa sababu kuta zake ni za jamaa ya chokaa na paa lake ni la jamaa ya saruji, vitu viwili visivyotanuka wala kunywea sawa. Tuliona wote kilichotokea tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka, na mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Cheo hicho peke yake hakishikilii ukuta. Nilifurahi kuona kwamba hapa kazi ya uangalizi imefanyika, na kiingilio tunacholipa nisingependa mtu akilalamikie.

Minara Miwili, yaani Kanisa Kuu Katoliki la Mtakatifu Yosefu, haiko mbali, mtu atatembea robo saa kwa vichochoro. Mapadri wa Kifaransa walilijenga kati ya mwaka 1893 na 1898, maana yake ile amri ya 1897 iliwakuta juu ya majukwaa ya ujenzi. Ukatoliki wenyewe ulikuwa umetangulia kisiwani tangu mwaka 1860, ulipoletwa na mapadri kutoka Réunion, na kutoka hapa ndipo mapadri wa Roho Mtakatifu walipovuka kwenda kuanzisha Bagamoyo mwaka 1868. Umbo lake ni la Kifaransa waziwazi na linakumbusha makanisa ya Marseille. Jambo la ajabu ni kwamba minara hiyo miwili unaiona kutoka baharini, unaiona kutoka kila paa la hoteli, lakini ukiwa chini, katika vichochoro, inakupotea mpaka ujikute umesimama miguuni pake. Ndani kuna picha za Agano la Kale zilizochorwa ukutani, vioo vya rangi na vigae vilivyoletwa kutoka Ufaransa. Rangi za picha zimefifia, na kwa macho yangu kufifia huko hakujaziharibu. Nje ya saa za misa milango ya mbele mara nyingi huwa imefungwa, kwa hiyo anayetaka kuliona kwa hakika na aende kusali. Mimi Mwanglikana nilihudhuria misa ya asubuhi, nikapokewa vizuri, na baada ya misa nikaachwa nizunguke polepole. Kwa usanifu peke yake nalipenda la Mkunazini zaidi, kwa kuwa hili lingeweza kusimama Marseille na lisionekane geni, ilhali lile la Mkunazini halikuweza kujengwa popote ila Unguja.

Kwa anayepanga kwenda, nashauri hivi. Usinunue kifurushi kinachochanganya makanisa, viungo na ufukwe katika siku moja. Mapapasi watakufuata mtaani wakikuahidi bei nafuu. Wajibu kwa upole, uendelee na njia yako hadi getini, na huko uombe mwongozaji anayeeleza kwa Kiswahili. Habari hizi zikisemwa kwa Kiswahili huwa na mizizi, kwa sababu maneno yenyewe, boriti, chokaa, mkunazi, ungwana, yamekaa katika kuta hizo. Fika mapema kabla vikundi vikubwa havijajaa, tenga saa mbili na nusu, anza na maonyesho, kisha kanisa, na vyumba vya chini uviache mwisho. Vaa nguo ya heshima. Mji ni wa Waislamu kwa sehemu kubwa sana na jumuiya ya Wakristo ni ndogo, nazo zinaishi kwa kuheshimiana. Ukikuta ibada inaendelea, subiri nje au uketi usali, usizunguke na kamera.

Matembezi ya siku ya kwanza nayapa nyota mbili kati ya tano, zote mbili kwa adabu ya yule kijana, ambaye naamini akipewa muda na mafunzo atakuwa mwongozaji mzuri. Ziara ya Mkunazini ya siku ya pili naipa tano. Safari ijayo nitakwenda na wajukuu wangu wawili, na nitaongeza Mbweni, kusini ya mji, mahali ambapo misheni ilinunua shamba mwaka 1871 kwa ajili ya walioachiwa huru na ambapo kanisa la Mtakatifu Yohane na magofu ya shule ya wasichana yangalipo. Yule mzee wa kanisa ameniambia kwamba tukifika asubuhi tumtafute kwanza yeye, ili awaketishe watoto kwenye benchi lile lile la katikati kabla hajawaonyesha kitu kingine chochote.